Niliyojifunza Katika Kutafuta Sifuri za Polinomia Zilizo Namba Wiano

Kwa miaka mingi nimefundisha aljebra katika ngazi ya sekondari, na sijaona mada inayowatenganisha upesi wanaokariri na wanaofikiri kama hii ya kutafuta sifuri za polinomia zilizo namba wiano, yaani zinazoweza kuandikwa kama sehemu ya namba kamili mbili. Kanuni yake ni fupi. Ukiwa na polinomia ambayo koefisienti zake zote, yaani namba zinazozidisha vipeo vya x, ni namba kamili, na ikiwa sehemu p/q iliyorahisishwa hadi mwisho ni sifuri yake, yaani thamani ya x inayoifanya polinomia nzima iwe 0, basi p lazima iwe kigawo cha namba ya mwisho isiyoambatana na x, na q lazima iwe kigawo cha koefisienti ya mbele, ile ya x yenye kipeo kikubwa kuliko vyote. Mwanafunzi huinakili, huipigia mstari, na baada ya muda huigeuza juu chini: vigawo vya koefisienti ya mbele huviandika kwenye kiasi, vya namba ya mwisho kwenye asili.

Ugeuzaji huo, nilioukuta kwenye madaftari ya wanafunzi mwaka baada ya mwaka, ndio ulionishawishi kwamba kanuni hii isifundishwe kamwe bila sababu yake, hasa kwa kuwa sababu yenyewe ni ya mistari michache tu. Chukua ax³ + bx² + cx + d, weka p/q mahali pa x, kisha zidisha kila fungu kwa q³ ili asili ziondoke. Utabaki na ap³ + bp²q + cpq² + dq³ = 0. Mafungu matatu ya mwanzo yote yana p ndani yake, kwa hiyo jumla yake inagawanyika kwa p bila baki. Na kwa kuwa jumla ya mafungu yote manne ni 0, fungu la dq³ nalo halina budi kugawanyika kwa p. Lakini p na q hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1, maana sehemu yetu ilikwisha kurahisishwa, hivyo q³ haina mchango wowote hapo na ni d yenyewe inayopaswa kugawanyika kwa p. Ukiisoma hoja hiyo kutoka upande wa pili, mafungu matatu ya mwisho yote yana q, na kwa hiyo a inagawanyika kwa q. Hoja haibadiliki hata digrii, yaani kipeo kikubwa cha x, ikiwa ya 5 au ya 50. Nimetumia digrii ya 3 kwa sababu inatosha mstari mmoja wa ubao. Na anayetaka kujikumbusha kwa haraka ndani ya chumba cha mtihani atatue 2x − 3 = 0: jibu ni 3/2, ambapo 3 imetoka mwisho na 2 imetoka mbele.

Masharti nayapitia kwa haraka. Koefisienti zikiwa ni sehemu, zidisha polinomia nzima kwa kigawe kidogo cha shirika cha asili zake, kwani kufanya hivyo hakuzigusi sifuri. Namba ya mwisho ikiwa haipo, kama katika 2x⁵ − x⁴ − 6x³, usihangaike na vigawo vya 0. Toa x³ nje ya mabano, andika kwamba 0 yenyewe ni sifuri, na uendelee na 2x² − x − 6.

Kinachostahili muda ni orodha yenyewe ya namba za kujaribu, yaani sehemu p/q zote ambazo kanuni inaziruhusu, kwa sababu wengi hudhani kwamba urefu wake unategemea ukubwa wa namba. Hautegemei ukubwa, unategemea wingi wa vigawo. Polinomia inayoanza na x³ na kuishia na 360 ina namba 48 za kujaribu, kwa kuwa 360 ina vigawo 24 na kila kimoja huja kwa ishara mbili. Badilisha 360 iwe 361, na orodha inaporomoka hadi namba 6, kwa sababu 361 ni 19 mara 19 na haina vigawo vingine zaidi ya 1, 19 na 361. Koefisienti ya mbele ikiwa ni 1, sehemu zote hutoweka na sifuri yoyote iliyo namba wiano huwa namba kamili. Mambo haya mwanafunzi anapaswa kuyaona kwa kutupia jicho tu, kabla hajaandika chochote, ili ajue kama kazi iliyo mbele yake ni ya dakika mbili au inahitaji mbinu.

Orodha hiyo ni kama orodha ya walioalikwa karamuni: aliyeandikwa si lazima afike, ila asiyeandikwa hataingia. Vitabu vingi husisitiza nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, ilhali nguvu ya kanuni imo katika hiyo ya pili. Kanuni haikuambii sifuri iko wapi. Inakuambia mahali ambapo haipo, nayo inazifuta kwa mkupuo mmoja namba wiano zote zisizo na idadi na kukuachia chache za kushughulika nazo.

Nitaeleza kwa mfano mmoja ambao nimeutumia mara nyingi: 6x³ − 31x² + 25x + 12. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Vya 6 ni 1, 2, 3 na 6. Ukivipanga vyote bila uangalifu unapata sehemu 24 chanya, lakini nusu yake ni marudio, kwa kuwa 2/2 ni 1 na 6/3 ni 2. Zinazobaki ni 1, 2, 3, 4, 6, 12, 1/2, 3/2, 1/3, 2/3, 4/3 na 1/6, pamoja na hasi zake, jumla 24.

Wakati mmoja nilikaa kando ya mwanafunzi mwenye bidii aliyekuwa akishughulikia swali hili. Aliweka 1 akapata 12. Akaandika kwamba si sifuri, akaifuta hesabu kwa kifutio ili kuokoa nafasi. Akaweka −1 akapata −50, akafuta. Akaweka 2 akapata −14, akafuta. Akaweka 3 akapata −30, akafuta tena. Hesabu zake zote zilikuwa sahihi, na alikuwa akiendelea kwa mwendo huo huo hadi afike mwisho wa orodha; kwake, thamani isiyo 0 ilikuwa takataka. Nilimwomba aziandike tena zile namba nne alizozifuta, kwa sababu karibu jibu lote lilikuwa ndani yake.

Tuanze na lililo rahisi. Kwa x = 1 polinomia ni 12, kwa x = 2 ni −14. Mchoro wa polinomia haukatiki, kwa hiyo kati ya 1 na 2 lazima umevuka mhimili wa x, na katika orodha nzima ni 4/3 na 3/2 pekee zilizo katikati hapo. Vivyo hivyo, kwa x = −1 thamani ni −50 na kwa x = 0 thamani ni 12, namba ya mwisho yenyewe, ambayo haihitaji hesabu yoyote; kwa hiyo kuna sifuri kati ya −1 na 0. Kanuni ya ishara ambayo René Descartes aliichapisha mwaka 1637 inatuongezea jambo jingine: idadi ya sifuri chanya ni sawa na idadi ya mara ambazo ishara za koefisienti hubadilika, au hupungua kuliko hiyo kwa namba shufwa. Hapa ishara ni chanya, hasi, chanya, chanya, kwa hiyo zimebadilika mara mbili, na sifuri chanya ni 2 au hakuna. Tukiweka −x mahali pa x, ishara hubadilika mara moja tu, hivyo sifuri hasi ni moja kamili. Hiyo moja tumekwisha kuiona ilipo, kati ya −1 na 0, na kwa sababu hiyo −2, −3, −4, −6, −12, −4/3 na −3/2 zote zinaondoka bila kuguswa.

Mbinu inayofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ninashangaa jinsi inavyofundishwa kwa nadra. Ikiwa p/q ni sifuri, basi p − q lazima iwe kigawo cha thamani ya polinomia kwa x = 1, na p + q lazima iwe kigawo cha thamani yake kwa x = −1. Sababu yake ni ile ile kanuni ya mwanzo, imesogezwa hatua moja. Weka y + 1 mahali pa x na ufungue mabano: unapata polinomia mpya ya y, ambayo koefisienti yake ya mbele haikubadilika, na ambayo namba yake ya mwisho ni thamani ya polinomia ya zamani kwa x = 1. Sifuri zake ni zile za zamani zikiwa zimepunguzwa 1, na p/q ukiipunguza 1 inakuwa (p − q)/q, ambayo nayo imekwisha kurahisishwa. Kwa hiyo p − q inaigawanya namba ya mwisho mpya. Kusogea upande wa −1 kunatoa p + q kwa njia hiyo hiyo, na mwenye hamu anaweza kusogea hadi 2 au 3 na kupata masharti zaidi.

Katika mfano wetu, basi, p − q lazima iigawanye 12, na p + q lazima iigawanye 50. Ichukue 6, yaani 6/1: tofauti ni 5, na 5 haiigawanyi 12, imeondoka. Ichukue 3: tofauti ni 2, inakubalika, lakini jumla ni 4, na 4 haiigawanyi 50, imeondoka. Ichukue 4/3: tofauti ni 1, jumla ni 7, imeondoka. Ukiipitia orodha yote 24 kwa kichwa, bila kuweka namba hata moja kwenye polinomia, zinabaki 4, 3/2, 2/3, −1/2, −1/3, −2 na −3, na hizo mbili za mwisho tulishaziondoa kwa hoja ya ishara. Kati ya 1 na 2 sasa imebaki 3/2 peke yake. Kati ya −1 na 0 zimebaki −1/2 na −1/3. Ninampa mwanafunzi penseli hapo na kumwacha: kwa −1/2 thamani ni −9, kwa −1/3 thamani ni 0.

Kuhusu namna ya kuweka namba, nasisitiza mgawanyo wa mkato badala ya kukokotoa kila kipeo peke yake. Andika koefisienti 6, −31, 25, 12. Ishushe 6, izidishe kwa −1/3 upate −2, ijumlishe na −31 upate −33, izidishe tena upate 11, jumlisha na 25 upate 36, zidisha upate −12, jumlisha na 12 upate 0. Hiyo 0 ya mwisho ni thamani ya polinomia, na hapo hapo umepata pia kilichobaki baada ya kugawanya: 6x² − 33x + 36, ambayo ni 3(2x² − 11x + 12), yaani 3(2x − 3)(x − 4). Sifuri zote tatu ni −1/3, 3/2 na 4. Baada ya sifuri ya kwanza hakuna haja ya kurudi kwenye orodha ya zamani; kazi imeshuka digrii moja, na ikifika digrii ya 2 kuna fomula. Tahadhari ndogo tu: namba iliyokubali mara moja ijaribiwe tena kwenye kilichobaki, kwa maana sifuri inaweza kujirudia, kama 1 inavyofanya mara mbili katika x³ − 3x + 2.

Wanafunzi wenye udadisi huuliza kwa nini tusitumie fomula kwa digrii ya 3 pia, kwani ipo. Ipo kweli, Gerolamo Cardano aliichapisha mwaka 1545. Mojawapo ya mifano yake ni x³ + 6x = 20, na fomula inatoa jibu lililo tofauti ya vipeuo viwili vya tatu: kipeuo cha tatu cha √108 + 10, ukitoa kipeuo cha tatu cha √108 − 10. Jibu hilo ni sahihi, ila nani atakayelitazama na kutambua kwamba ni 2? Mwenye orodha ya vigawo vya 20 huifikia 2 katika jaribio lake la pili: 8 + 12 = 20. Kwa digrii ya 4 fomula ni ndefu zaidi, na kuanzia digrii ya 5 hakuna fomula ya jumla inayotumia matendo ya kawaida na vipeuo peke yake, kama Niels Henrik Abel alivyothibitisha mwaka 1824. Orodha yetu haijali digrii.

Swali jingine linahusu kikokotoo na programu za kuchora grafu, ambazo huonyesha sifuri kwa kugusa kioo. Sizipingi, na mimi mwenyewe huzitumia. Lakini mashine inatoa desimali, na desimali haikuambii ni namba gani hasa. Ikionyesha 0.6667 huenda ni 2/3, na huenda ni namba isiyo wiano inayokaribiana nayo sana. Orodha ndiyo inayoamua: ikiwa 2/3 imo, jaribu hiyo moja, ikiwa haimo, basi kwa hakika si 2/3. Kwa x² − 2 mashine inaonyesha 1.41421356, na mwanafunzi hujiuliza kama desimali hizo zitakoma mahali fulani. Orodha ina 1, −1, 2 na −2 tu, na hakuna inayokubali, kwa hiyo desimali hazitakoma wala hazitajirudia kwa mpangilio. Huo ni uthibitisho kamili kwamba kipeuo cha pili cha 2 si namba wiano, nao umepatikana kwa majaribio manne.

Ndiyo maana siku hizi nawapa wanafunzi, mapema kabisa, polinomia ambazo orodha yake yote inashindwa. Mwanzoni hunung'unika, wakiamini swali lina kasoro. Ninayoipenda zaidi ni 8x³ − 6x − 1, ambayo mojawapo ya sifuri zake ni kosaini ya nyuzi 20. Orodha ni 1, 1/2, 1/4, 1/8 na hasi zake. Badala ya kujaribu zote nane, andika u mahali pa 2x, na polinomia inakuwa u³ − 3u − 1, ambayo ina namba mbili tu za kujaribu: 1 inatoa −3, na −1 inatoa 1. Hakuna sifuri wiano. Polinomia ya digrii ya 3 ingeweza kuvunjika, yaani kuandikwa kama zao la polinomia ndogo zenye koefisienti wiano, kama tu kipande kimoja kingekuwa cha digrii ya 1, na kipande hicho kingekuja na sifuri wiano. Kwa hiyo hii haivunjiki. Hoja hiyo ndogo ni kiungo katika kazi ya Pierre Wantzel ya mwaka 1837, iliyoonyesha kwamba pembe ya nyuzi 60 haiwezi kugawanywa sehemu tatu sawa kwa rula isiyo na alama na bikari.

Kwa digrii ya 4 na kuendelea, hata hivyo, hoja ya kutovunjika haisimami tena, na hapa namzuia kila mwanafunzi anayeifunga kazi mapema. Orodha ya x⁴ − 5x² + 6 ina 1, 2, 3, 6 na hasi zake, na zote zinakataa, lakini polinomia hiyo ni (x² − 2)(x² − 3) na ina sifuri nne halisi. Katika x⁴ + 4 hakuna hata sifuri moja halisi, na bado inavunjika kuwa (x² + 2x + 2)(x² − 2x + 2). Orodha inajibu swali moja tu, la vipande vya digrii ya 1. Ikishindwa kwenye digrii ya 4, andika polinomia kuwa zao la vipande viwili vya digrii ya 2, vyenye koefisienti zisizojulikana, na uanze kuzitafuta hizo. Namba mbili za mwisho za vipande hivyo zikizidishwa lazima zitoe namba ya mwisho ya polinomia, kwa hiyo utajikuta, kwa mara nyingine, unaandika vigawo vyake.